Maoni Yetu: Anayeshika mpira ajue kilichomo tangini

Ukiuliza juu ya usalama wa bandari ya Mocímboa da Praia, mkoani Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, utajibiwa habari za wanajeshi. Wako wangapi, wamekaa upande gani, Warwanda wataondoka lini. Hatushangai. Ni mji huu waasi walioushambulia kwanza alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017. Agosti 2020 ulitekwa wote, bandari ikiwemo, ukakaa mikononi mwa wapiganaji hao karibu mwaka mzima mpaka majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa tarehe 8 Agosti 2021. Septemba 2025 mauaji yalirudi tena mitaani. Mtu aliyezika ndugu zake kwa namna hiyo akifikiria bunduki kwanza, hana wa kumlaumu.

Iko hatari nyingine, na hii inaingia kwa lango kuu, ina hati zake, imepigwa mhuri wa forodha. Ni dizeli ya majenereta na mitambo. Ni petroli. Ni klorini ya kutibu maji, tindikali, soda kali, na vimiminika vingine ambavyo mradi mkubwa wa gesi hauwezi kuendeshwa bila ya hivyo. Mradi wa Afungi, ulio takriban kilomita 60 kaskazini mwa Mocímboa, ulisimamishwa na TotalEnergies Aprili 2021 baada ya waasi kuushambulia mji wa Palma. Mwishoni mwa 2025 kampuni hiyo ilitangaza kuwa zuio limeondolewa. Ujenzi wenye thamani ya dola bilioni 20 ukirudi, mizigo inarudi, na katika mkoa ambao barabara zake haziaminiki, mzigo unapita baharini.

Msimamo wetu ni huu. Kusiwe na kimiminika cha hatari kinachohamishwa kutoka tangi moja kwenda jingine katika bandari hiyo, au yadi yoyote inayoihudumia, mpaka yule anayeshika mpira wa kukihamishia ajue kilichomo pande zote mbili, na awe na haki ya kukataa bila kunyimwa kazi kesho yake.

Kwa nini tunashikilia suala la kuhamisha, wala si kuhifadhi au kusafirisha? Kwa sababu kemikali iliyotulia ndani ya tangi zima kwa kawaida haimsumbui mtu. Balaa huanza koki inapofunguliwa. Hapo hewa inaingia, mvuke unatoka, mpira unakazwa kwa mkono wa binadamu, na binadamu huyo anaamua mambo mengi kwa dakika chache: mdomo upi, koki ipi, kasi gani, kiasi gani, asimame upande upi wa upepo. Akikosea moja tu, hapati muda wa kusahihisha.

Tuchukue mkasa wa Atchison, mji mdogo katika jimbo la Kansas, Marekani. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 2016 lori la tindikali ya salfuriki lilifika katika kiwanda cha kampuni ya MGP Ingredients. Mfanyakazi wa kiwanda alimpeleka dereva mahali pa kupakulia, akafungua kufuli la mdomo wa bomba la tindikali, akaondoka. Kando ya mdomo ule, umbali wa sentimita 46 hivi, palikuwa na mdomo mwingine uliofanana nao, unaokwenda kwenye tangi la haipokloraiti, yaani dawa ile ile iliyomo kwenye jiki, ila kali zaidi. Mdomo huo ulipaswa kuwa na kufuli. Siku hiyo haukufungwa. Dereva akaunga mpira wake huko, akafungua.

Tindikali na jiki vikikutana hutoa gesi ya klorini. Wingu la kijani lililochanganyika na njano likapanda juu ya kiwanda na kusambaa mjini. Maelfu ya watu waliamriwa kujifungia ndani au kuhama, na zaidi ya watu 140 walitafuta matibabu. Wafanyakazi waliokuwa chumba cha kuongozea mitambo walivutiwa gesi ndani na mfumo wa hewa wa jengo lenyewe. Mtiririko haukuwa na swichi ya kuuzima kutoka mbali, na koki ya kuuzima kwa mkono ilikuwa katikati ya wingu.

Wachunguzi wa bodi ya Marekani ya ajali za kemikali hawakuishia kusema dereva alizembea. Walisema midomo miwili ya mabomba ilikuwa karibu mno, inafanana mno, na haikuandikwa vizuri, na kwamba mwenye kiwanda na mwenye lori hawakuwa wamekaa pamoja kupanga nani anathibitisha nini kabla ya koki kufunguliwa. Hilo ndilo tunalotaka wakubwa wa Mocímboa walitafakari. Atchison palikuwa na kufuli, palikuwa na utaratibu wa maandishi, palikuwa na kikosi cha zimamoto. Pamoja na hayo yote, sentimita 46 ziliwashinda.

Sasa tuje karibu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori lililobeba gesi ya kupikia lililipuka katika yadi ya kujazia mitungi huko Embakasi, Nairobi, katikati ya makazi ya watu. Moto uliruka mpaka kwenye nyumba na maghala. Watu walikufa, mamia wakajeruhiwa, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya ilieleza kuwa mwaka 2023 maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo yalifika mezani kwake mara tatu na mara zote yakakataliwa, hasa kwa sababu watu wanaishi karibu mno. Yadi iliendelea kufanya kazi. Mamlaka ya mazingira, ambayo ilikuwa imetoa kibali, ikawasimamisha kazi maofisa wake wanne baada ya mlipuko. Serikali mbili ndani ya serikali moja, moja inakataa na nyingine inaidhinisha, na raia wa Embakasi hakujua hata moja.

Msumbiji nayo ina kidonda chake. Tarehe 17 Novemba 2016, huko Caphiridzange mkoani Tete, watu walikuwa wakichota petroli kutoka kwenye lori lililokuwa likielekea Malawi. Ililipuka, wakafa zaidi ya watu 80. Kabla yake palikuwa na Sachangwan nchini Kenya, Januari 2009, na Sange mkoani Kivu Kusini, Julai 2010. Baada yake ikaja Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Kila mara tunasikia mahubiri yale yale juu ya tamaa ya maskini. Sisi tunaona jambo jingine. Kuchota petroli kwa ndoo kutoka kwenye tangi ni kuhamisha kemikali ya hatari, na waliokuwa wakiihamisha hawakuwahi kuambiwa na yeyote kwamba kinachowaka ni mvuke, wala si maji yake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unaingia mitaroni, unakaa kwenye mabonde, unasubiri. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi kali ya chini ya nyuzi sifuri. Kwenye jua la pwani ya Cabo Delgado haihitaji kubembelezwa.

Na kuna jambo ambalo watu wa bandari wanapaswa kulikumbuka kila wanapoona kontena geni. Shehena mbili zilizoangamiza watu bandarini katika miaka ya karibuni zilikuwa safarini kuja upande wetu wa Afrika. Tani 2,750 za ammonia naitreti zilizolipuka Beirut tarehe 4 Agosti 2020 na kuua zaidi ya watu 200 zilipakiwa Georgia mwaka 2013 katika meli ya Rhosus, zikiwa zinakwenda Beira. Hazikufika. Na tangi la klorini lililoanguka kutoka kwenye winchi katika bandari ya Aqaba, Jordan, tarehe 27 Juni 2022, likaua watu 13, lilikuwa linapakiwa kwenda Djibouti. Uchunguzi ulionyesha kuwa uzito wake ulizidi mara tatu uwezo wa kamba ya chuma iliyolinyanyua. Mizigo ya namna hiyo inakuja kwetu kila mwezi, kimya kimya, na kwa kawaida inafika salama. Tunaijua pale tu inapoulia njiani.

Mocímboa ina mambo yake ambayo kitabu cha mwongozo kilichoandikwa Ulaya hakiyataji.

La kwanza ni maji. Wakati wa bamvua bahari ya kaskazini mwa Msumbiji hupanda au kushuka mita tatu hata zaidi ndani ya saa sita. Chombo kilichofungwa gatini kinapanda na kushuka nayo huku mpira umeungwa upande mmoja kwenye chombo na upande mwingine kwenye lori lisilosogea. Kazi iliyoanza mpira ukiwa umelegea vizuri inaweza kumalizika umekazwa kama kamba ya ngoma. Mpira unaochomoka chini ya nguvu ya pampu humwaga mamia ya lita kabla mtu hajafika kwenye swichi, na ukimpiga mtu humvunja mifupa. Nahodha yeyote wa jahazi wa Mocímboa anajua saa za maji bila kutazama karatasi. Mtu kama huyo apewe kiti kwenye mkutano wa kupanga kazi, hata kama hana cheti.

La pili ni jua. Mafuta yakipata joto huvimba. Lori lililojazwa lita 20,000 za petroli alfajiri, joto likipanda nyuzi 10 kufikia mchana, litahitaji nafasi ya karibu lita 200 zaidi. Likijazwa mpaka mdomoni, hizo lita zitatoka zenyewe. Anayelipwa kwa lita atataka lijae. Anayesimamia usalama atasema liachwe na pengo. Swali ni sauti ya nani inasikika gatini.

La tatu ni umeme tuli, na hapa tunaomba subira ya msomaji kidogo kwa sababu ndiyo hatari isiyoaminiwa kuliko zote. Petroli na dizeli zikipita kwa kasi ndani ya mpira hujichaji umeme. Zikimwagwa kutoka juu kama maporomoko, hujichaji zaidi. Umeme huo ukikosa njia ya kwenda ardhini hukaa kwenye tangi ukisubiri chuma kisogee karibu, na cheche yake inaweza kuwa ndogo mno kiasi kwamba mtu asingeihisi kwenye kidole. Kwa mvuke wa petroli inatosha. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: waya wa kuunganisha matangi mawili na ardhi, unaofungwa kabla ya mfuniko kufunguliwa na kutolewa baada ya kufungwa, bomba la kujazia lifike chini ya tangi, na mwanzoni mafuta yaende polepole, mita moja kwa sekunde, mpaka mdomo wa bomba uzame. Tangi kubwa likishajazwa liachwe nusu saa kabla ya mtu kuchovya ufito wa kupimia. Nusu saa hiyo, kwa mwenye haraka, inaonekana ni uvivu.

Watu huamini kuwa dizeli haina shida, na kweli peke yake haiwaki kwa urahisi. Taabu ni pale lori lililobeba petroli jana linapojazwa dizeli leo bila kusafishwa. Mvuke wa petroli bado umo ndani, dizeli inaupunguza mpaka unafika kiwango kile kile kinachopenda kuwaka, na dizeli yenyewe inaleta umeme. Katika mji ambao malori ni machache na kila moja linafanya kazi ya matatu, jambo hili linahitaji kuulizwa kila asubuhi: jana ulibeba nini?

Na wale wanaopeleka petroli visiwani kwa madumu ya plastiki? Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo waya hausaidii kitu. Dumu liwekwe chini, ardhini, lisijazwe likiwa juu ya gari au ndani ya mashua. Serikali haiwezi kuyapiga marufuku madumu pwani hii; ndiyo yanayosukuma mashine za wavuvi. Iseme basi namna ya kuyajaza.

Upepo nao una misimu. Kaskazi inapovuma hutoka baharini kuingia nchi kavu, na gesi ya klorini, ambayo ni nzito zaidi ya mara mbili ya hewa, itatambaa na upepo huo kuelekea makazi. Kazi ya kuhamisha klorini au tindikali katika msimu huo isifanywe kwa utaratibu uliopangwa wakati wa kusi. Kitambaa kimoja kirefu juu ya mlingoti kinatosha kuonyesha upepo unakwenda wapi, na watu waambiwe: kengele ikilia, kimbieni kukata upepo, mkapande juu, msishuke bondeni.

Kisha maji safi. Tindikali au soda kali ikimrukia mtu machoni, daktari wa Pemba au Maputo hana la kumfanyia kama dakika 15 za kwanza zimepotea. Macho yanaokolewa kwa maji, mengi, papo hapo. Bomba la mvua la dharura linalokubalika viwandani linamimina karibu lita 1,100 katika dakika hizo 15. Kwa hiyo gati lolote linalopokea tindikali linahitaji tangi la maji baridi lililojaa, lililo kivulini ili lisichemke, hatua chache kutoka mahali pa kazi. Ndoo na kata havitoshi. Bila ya bomba hilo, tunasema tindikali isishushwe.

Kuna kazi moja inayoua kimya kimya kuliko zote hizi: kuingia ndani ya tangi tupu kulisafisha. Tangi tupu haliko tupu. Linaweza kuwa na mvuke wa sumu, au hewa yake kuliwa na kutu mpaka oksijeni haitoshi. Mtu anaingia, anaanguka bila kelele. Mwenzake anamwona, anaruka kumwokoa, anaanguka juu yake. Wa tatu anafuata. Hadithi hii imetokea duniani kote, kwenye meli, kwenye visima, kwenye mashimo ya vyoo, na mara nyingi waliokufa kwa ushujaa ni wengi kuliko aliyeanguka kwanza. Hewa ipimwe kwa kifaa kabla mtu hajaingia. Aliyeko nje awe na kamba, na akatazwe kabisa kuingia.

Hayo yote wanayajua wahandisi. Hayafichwi, yameandikwa. Meli kubwa za mafuta na vituo vinavyozipokea zina orodha ya ukaguzi ambayo pande mbili, melini na nchi kavu, husaini pamoja kabla ya pampu kuwashwa. Shirika la Kazi Duniani lina mkataba wa kazi za bandarini wa 1979 na mwingine wa kemikali wa 1990. Sheria ya Kazi ya Msumbiji, namba 13 ya 2023, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mazingira salama na vifaa vya kujikinga. Sheria iliyoitangulia, ya 2007, tayari ilikuwa imeziagiza kampuni zenye hatari za kipekee ziunde kamati za usalama kazini, wafanyakazi wakiwakilishwa ndani yake, na ilimtaka mwajiri awe na bima ya ajali za kazini. Karatasi hazijapungua.

Kinachopungua ni daraja kati ya karatasi na kibarua. Kazi za bandari ndogo kote pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Angoche, hutolewa asubuhi kwa kuhesabu vichwa. Kampuni kubwa inampa kazi kampuni ndogo, kampuni ndogo inampa wakala, wakala anamwita nyapara, nyapara anasimama getini na kunyoosha kidole: wewe, wewe na wewe. Kijana aliyechaguliwa saa 12 asubuhi anaweza kuwa ameshika mpira wa soda kali ifikapo saa 2. Jina lake haliko kwenye bima. Hakukaa kwenye mafunzo. Kofia ngumu na glavu anazopewa ni za zamu iliyotangulia, na glavu hizo pengine ni za ngozi, ambazo kwa soda kali hazizuii kitu. Akiuliza swali, kesho kidole hakitamwelekea.

Kwa mfumo huo hata mitambo mizuri haisaidii. Ndiyo maana tunasema kazi ya kuhamisha kemikali itolewe kabisa kwenye orodha ya vibarua wa siku. Iwe na watu wake wa kudumu, wenye majina, waliofunzwa, waliokatiwa bima, hata kama wako kumi tu. Makuli wa magunia na saruji waendelee kuitwa kwa siku ikiwa hapana budi. Mpira wa tindikali usiguswe na mtu asiyejulikana jina.

Lugha nayo tusiipite. Lebo za mapipa huja kwa Kiingereza au Kireno. Wanaoyasukuma wanazungumza Kimwani, Kimakonde, Kimakua na Kiswahili. Alama za kimataifa zinasaidia, zile za moto, fuvu, na mkono unaoliwa na tindikali, na namba za Umoja wa Mataifa zinasaidia zaidi: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1017 ni klorini, 1830 ni tindikali ya salfuriki, 1791 ni haipokloraiti, 1824 ni maji ya soda kali. Mtu asiyesoma Kireno anaweza kukariri namba sita kwa siku moja. Wanajeshi wa Rwanda walipofika Cabo Delgado walielewana na wenyeji kwa Kiswahili, bila kusubiri mkalimani wa Kireno. Wenye kemikali wasishindwe na wanajeshi. Maelekezo ya kila kazi yasemwe kwa sauti, kwa lugha ya mfanyakazi, kisha mfanyakazi ayarudie yeye mwenyewe. Kusaini karatasi usiyoisoma si mafunzo.

Tunajua tutakachojibiwa. Tutaambiwa Mocímboa ina njaa ya kazi, vijana wake wamekaa miaka katika kambi za waliokimbia vita, waacheni wapate riziki kwanza, hayo ya waya na glavu yatakuja. Hoja hiyo tunaiheshimu lakini hatuikubali. Malalamiko ya vijana wa kaskazini kwamba kazi nzuri za gesi zinakwenda kwa wageni na wao wanabaki wapagazi yalikuwepo kabla ya risasi ya kwanza, na hakuna mtu mwenye akili anayeyadharau leo. Sasa kumrudisha kijana huyo kazini kwa kumpa mpira asioujua, bila bima, kwa ujira wa siku, ni kumthibitishia alichokuwa akilalamikia. Kumfunza ni jambo tofauti kabisa. Fundi anayejua kuunga, kupima, kutuliza umeme na kuzima ni mtu anayetakiwa Pemba, Nacala, Mtwara, Tanga na Mombasa. Mafunzo ya wiki chache yanampa ufundi ambao mradi wa gesi hauwezi kuondoka nao siku ukifungwa. Na kama kampuni inaweza kulipia ndege, uzio na walinzi, inaweza kulipia darasa.

Kuna na watakaosema ajali hizi ni chache, kwamba tunatisha watu. Ni kweli ni chache. Kuhamisha mafuta mara 300 bila waya kunaweza kupita salama mara 300, na hapo ndipo mazoea mabaya yanapopata ushahidi wake. Mwenye yadi ya Embakasi naye alikuwa na siku nyingi ambazo hakuna kilicholipuka.

Kwa hiyo tunawaambia wahusika waziwazi. Wenye bandari watenge sehemu moja ya kuhamishia vimiminika, mbali na njia ya abiria na soko la samaki, na midomo ya mabomba itofautiane kwa umbo, si kwa rangi peke yake, ili mpira wa tindikali usiweze kuingia kwenye mdomo wa haipokloraiti hata mtu akitaka. Swichi ya kuzimia pampu iwekwe mbali na koki, upande ambao mtu anaweza kuukimbilia. Wenye mradi wa gesi waandike kwenye mikataba yao kwamba kampuni ndogo yoyote inayotumia vibarua wasiofunzwa kwenye kazi hii inaondolewa, na wakague wenyewe bila kutoa taarifa ya wiki mbili. Serikali ya mkoa iseme ni ofisi ipi moja inayotoa kibali cha yadi ya kemikali mjini Mocímboa, ili yasitukute ya Nairobi. Na wakuu wa majeshi, ambao neno lao ndilo linalosikilizwa kuliko yote katika mji ule, waelewe kuwa askari mwenye sigara kando ya lori la petroli ni hatari kama adui anayemsubiri.

Lililobaki ni la wakaguzi wa kazi wa Cabo Delgado. Waende gatini siku ya kazi, si siku ya sherehe. Wampite meneja, wampite nyapara, wafike kwa kijana aliyeshika mpira na wamuulize kwa Kimwani au kwa Kiswahili: tangi hili lina nini, na lile lina nini? Akishindwa kujibu, pampu izimwe saa hiyo hiyo, na gharama ya meli kusubiri ilipwe na aliyempeleka pale.